Saa Inayoandika: Kwa Nini Kronografu Kuukuu Zinatafutwa Hivyo

Weka kidole gumba kwenye kitufe cha juu, ubavuni mwa saa upande wa kulia, kisha bonyeza polepole. Mwanzoni kinakukatalia, kama kitasa kigumu. Ongeza nguvu kidogo: kitu ndani kinaachia, "tk", na akrabu ndefu nyembamba iliyokuwa imetulia juu ya namba 12 inaanza kukimbia. Bonyeza tena, inasimama hapo hapo ilipofika. Bonyeza kitufe cha chini, nayo inarudi kwenye 12 kabla hujapepesa jicho. Hakuna betri wala umeme. Kilichofanya kazi yote hiyo ni kamani uliyoitia ufunguo asubuhi kwa vidole vyako, pamoja na vipande vya chuma ambavyo vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele.

Saa ya namna hii inaitwa kronografu. Kwa kweli ni saa mbili ndani ya kasha moja. Ya kwanza inakwenda usiku na mchana ikionyesha wakati, kama saa yoyote ya mkononi. Ya pili imelala mpaka uiamshe ipime muda wa jambo fulani, kisha unairudisha sifuri, inalala tena. Ndiyo maana usoni utaona vijisaa vidogo viwili au vitatu: kimoja huhesabu dakika zilizopimwa, kingine saa zilizopimwa, na cha tatu ni sekunde za kawaida ambazo hazisimami.

Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, kronografu moja aina ya Rolex Daytona iliuzwa kwa dola 17,752,500. Haikuwa ya dhahabu wala haikuwa na almasi hata moja. Ilikuwa ya chuma cha pua, ya kutia ufunguo kwa mkono, ya miaka ya 1960. Simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuipata Kariakoo inapima muda kwa usahihi kuishinda. Anayesikia habari hii mara ya kwanza husema ni wazimu wa matajiri, na kwa bei ile sina nguvu ya kumbishia. Ila bei ile ni kilele tu cha mlima. Chini yake wako watu wengi wenye kipato cha kawaida wanaotafuta saa hizi, wanazisoma, wanazitengeneza, na wanaumia moyo wakiona imeharibiwa moja. Hao ndio ninaotaka kuwaeleza, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Wino wa Rieussec

Sisi wenye Kiswahili tuna njia ya mkato ya kuielewa kronografu. Saa zetu zinahesabiwa tangu kucha: saa moja asubuhi ni saa moja iliyokwisha kupita tangu jua litoke. Kronografu inahesabu hivyo hivyo. Haijishughulishi na sasa ni saa ngapi. Inakwambia umepita muda gani tangu lile jambo lianze.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, kronos yaani wakati, na grafein yaani kuandika. Nalo si la mapambo. Mwaka 1821 Mfaransa Nicolas Rieussec alikwenda kwenye mbio za farasi jijini Paris na sanduku lenye mashine ya saa ndani. Farasi mmoja alipovuka mstari, Rieussec alibonyeza, na kalamu ndogo ikadondosha tone la wino juu ya uso wa saa uliokuwa ukizunguka. Farasi wa pili, tone la pili. Mbio zilipokwisha, muda wa kila farasi ulikuwa umeandikwa pale kwa madoa. Kwa miaka mingi aliaminika kuwa ndiye wa kwanza kabisa, mpaka katika muongo uliopita ilipojulikana kwamba Louis Moinet alikwisha kutengeneza kifaa cha kupima vipande vya sekunde mwaka 1816, kwa ajili ya kutazama nyota. Kifaa cha Moinet kilikuwa karibu zaidi na kronografu za leo kuliko sanduku la wino. Lakini jina lililobaki ni la yule aliyeandika.

Wino uliondolewa, akrabu ikachukua nafasi yake. Hata hivyo naamini saa hizi hazijaacha kuandika, na hilo ndilo jibu langu kwa anayeuliza zina nini. Kila kilichoipata saa katika maisha yake kimebaki juu yake: jua lililobadilisha rangi ya uso, mkwaruzo wa mlango wa gari, mkono wa fundi aliyeifungua miaka arobaini iliyopita. Anayezikusanya kwa moyo anakusanya maandishi hayo. Ukilishika hili, tabia nyingi za wakusanyaji zinazoonekana za ajabu zitakuwa na maana.

Moyo ulio ndani

Kwanza tuingie kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo wengi tuliponasa.

Jiulize swali rahisi: akrabu inajuaje pa kurudi? Unaweza kuisimamisha kwenye sekunde ya 7, ya 31 au ya 58. Ukibonyeza kitufe cha chini inarudi pale pale kwenye 12 kila mara, wala haizungushwi polepole, inaruka. Jibu lilipatikana kwa Adolphe Nicole, fundi Mswisi aliyekuwa akifanya kazi London, ambaye wazo lake lilipewa hataza mwaka 1844 na likaonekana ndani ya saa za kuuzwa mwaka 1862. Kwenye mhimili unaoibeba akrabu, alipachika kibamba cha chuma chenye umbo la moyo, kama ule wa kwenye karata za kopa.

Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo bapa inaugonga ubavu wa moyo huo. Moyo una sehemu moja tu iliyo karibu kabisa na mhimili, ule mfinyo wa juu kati ya mabega yake mawili. Popote nyundo itakapotua, ubavu wa moyo ni mteremko, na nyundo ikizidi kusukuma, moyo hauna njia ila kuzunguka mpaka mfinyo ukae chini ya nyundo. Ni kama embe linaloanguka kwenye mlima: liangukie upande wa kulia au wa kushoto, litabingirika hadi bondeni. Na kwa kuwa akrabu imekazwa kwenye mhimili huo huo, moyo ukikaa sawa, akrabu iko kwenye 12. Nimeshaitazama kazi hii kwa lenzi mara nyingi, na bado kila nyundo inapotua najikuta nimeshikilia pumzi.

Halafu kuna gurudumu la vinguzo. Huyu ndiye msimamizi wa shughuli nzima: gurudumu dogo lenye meno chini na vinguzo vilivyosimama juu yake mfano wa ngome. Kila ukibonyeza kitufe linasogea hatua moja. Vijiti vinavyoligusa ama vinapanda juu ya kinguzo ama vinatumbukia katika nafasi kati ya vinguzo viwili, na kwa kupanda na kutumbukia huko ndiko klachi inaunganishwa au kuachanishwa, na breki inashika au kuachia. Ile "tk" unayoisikia kidoleni ni kijiti kutumbukia.

Kutengeneza gurudumu hilo ni kazi ya gharama. Baadaye viwanda vingi vilihamia kwenye bamba lililokatwa kwa mashine, ambalo linafanya kazi ile ile kwa bei nafuu na, tuseme kweli, kwa uimara uleule. Omega walifanya hivyo mwaka 1968, walipoacha mashine yao namba 321 na kuingiza namba 861. Mashine ya 321 asili yake ni kiwanda cha Lemania, kazi ya Albert Piguet ya miaka ya 1940. Inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kila sekunde, na vidaraja vyake, yaani vibamba vinavyoshikilia magurudumu, vina mapindo ambayo hayakuwa ya lazima kwa kazi. Mtu alichora mapindo yale kwa sababu aliyapenda. Kipimo cha usahihi hakitakuonyesha tofauti kubwa kati ya 321 na 861, lakini kidole kitakuonyesha, na wakusanyaji wanalipa zaidi sana kwa ajili ya hicho kinachosikika kidoleni.

Zilikuwa vyombo vya kazi

Leo kronografu inavaliwa na mtu aliyekaa ofisini, lakini kila alama iliyo usoni mwake iliwekwa pale na mtu mwenye shughuli. Kwanza hata vitufe viwili havikuwapo. Zile za mwanzo zilianza, zikasimama na kurudi sifuri kwa kubonyeza kichwa kile kile cha kutilia ufunguo. Breitling wakatenga kitufe peke yake mwaka 1915, wakaongeza cha pili mwaka 1934. Kwa vitufe hivyo viwili unaweza kusimamisha kipimo na kukiendeleza bila kukifuta.

Kuna zenye uso wa daktari: anahesabu mapigo 15 au 30 ya mgonjwa, anasimamisha, na akrabu inamwonyesha moja kwa moja mapigo ya dakika nzima. Kuna zenye telemita: ukiona radi anzisha, ukisikia ngurumo simamisha, na utasoma umbali. Sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tisa ni kama kilomita tatu. Askari wa mizinga walifanya hivyo kwa mwako na mlio wa mzinga wa adui.

Inayojulikana zaidi ni takimita, zile namba za ajabu ukingoni: 500, 200, 120, 90, 60. Nilizielewa vizuri nikiwa ndani ya basi la Morogoro, dirishani, nikizitazama nguzo za kilomita kando ya barabara. Nguzo inapita, nabonyeza. Nguzo ya pili, nabonyeza tena. Akrabu imesimama sekunde ya 45, na pembeni yake ukingo unasema 80. Kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao basi halitakiwi kuuzidi. Ni hesabu nyepesi tu, sekunde 3,600 za saa nzima gawa kwa sekunde ulizopima, lakini mtu fulani alikufanyia hesabu hiyo mapema na akaichonga kwenye chuma ili dereva asihitaji kuwaza. Ukishaitumia mara moja kwa kazi iliyokusudiwa, huioni tena kuwa pambo.

Sekunde 14

Hakuna kronografu iliyosomwa kuliko Omega Speedmaster. Ilitoka mwaka 1957 kwa ajili ya watu wa magari, takimita yake ikiwa kwenye pete ya nje badala ya kuchapwa usoni. Haikubuniwa kwa anga. NASA walipohitaji saa za wanaanga wao, walichukua za makampuni kadhaa na kuzitesa. Saa ziliwekwa kwenye joto la nyuzi 71 kwa siku mbili, kisha nyuzi 93 kwa nusu saa. Zikapelekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Zikatiwa mahali pasipo hewa, zikagongwa kwa nguvu mara 40 ya uzito wake kutoka pande sita, zikatikiswa, zikapigiwa kelele za desibeli 130. Speedmaster ikabaki inatembea, na tarehe 1 Machi 1965 ikathibitishwa kwa safari.

Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa mwezini. Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu kipima muda cha umeme cha humo kilikuwa kimeharibika, ikawa ndiyo akiba. Saa ya Aldrin ilipotea baadaye ikiwa njiani kupelekwa makumbusho, na mpaka leo kuna watu ambao kila wakifungua Speedmaster ya miaka hiyo wanaangalia namba yake kwa matumaini.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Aprili 1970. Apollo 13 ilipasuka tangi la oksijeni ikielekea mwezini. Wanaanga watatu wakazima karibu kila kitu ili umeme uwatoshe kurudi. Ikafika wakati wa kusahihisha njia kwa kuwasha injini kwa sekunde 14 tu. Jack Swigert alizihesabu sekunde hizo kwa Speedmaster ya mkononi mwake. Fikiria kile kidole juu ya kitufe, "tk", na ule moyo mdogo ukizunguka pamoja na akrabu, watu watatu wakisubiri ifike kumi na nne. Walifika nyumbani salama.

Mtu akiniuliza kwa nini mashine ya kutia ufunguo inastahili heshima, namwanzia hapo. Saa iliyouzwa madukani katikati ya miaka ya 1960 haikuwa na tofauti yoyote ya maana na ile ya Swigert. Mhandisi, rubani au mwalimu aliyeweza kujibana kwa miezi kadhaa aliweza kuivaa saa ile ile. Hicho ni kitu adimu: chombo cha historia kubwa ambacho nakala zake zilipita kwenye mikono ya watu wa kawaida, na bado zinatembea.

Kuoza kunapokuwa thamani

Sasa tunafika penye utata mkubwa. Katika vitu vingi, kipya ni bora. Nguo iliyopauka hushuka bei. Katika kronografu kuukuu, uso mweusi uliobadilika kuwa kahawia kama kahawa yenye maziwa unaweza kuuzwa kwa bei maradufu ya ule uliobaki mweusi. Wakusanyaji wanauita uso wa kitropiki. Rangi nyeusi ya baadhi ya miaka ilikuwa na kasoro, ikaungua taratibu kwa jua na unyevu. Wakati ule ilionekana ni kasoro tu, na nyuso nyingi za namna hiyo zilibadilishwa. Zile zilizonusurika ni chache, na hakuna mbili zilizobadilika sawa.

Ndivyo ilivyo pia kwa dawa inayong'aa gizani kwenye akrabu na namba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ya radiamu, kitu chenye mionzi hatari kwa aliyekipaka na kwa anayekikwangua, hivyo usithubutu kuikwaruza kwa kucha. Baadaye ikaja tritiamu, ambayo mionzi yake ni hafifu zaidi, na nyuso nyingi zikawekwa herufi T mbili chini kabisa, moja kila upande wa maneno yanayosema saa imetengenezwa Uswisi. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushee. Saa ya mwaka 1965 kwa hiyo haiwezi kuwaka gizani leo. Dawa yake itakuwa imekufa na kugeuka rangi ya samli.

Somo hili nililipia. Nilinunua kronografu ya Uswisi niliyoambiwa ni ya mwaka 1966, usiku nikazima taa na kufurahi nilipoona inawaka kijani kama kimulimuli. Nilimpelekea fundi saa mmoja mzee mjini, mtu wa meza ndogo barazani na lenzi iliyokaa jichoni kama sehemu ya uso wake. Nikamwamkia, akaitikia, akaipokea.

"Inawaka usiku?" akaniuliza kabla hata hajaifungua.

"Inawaka sana, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Basi mwanangu, uso huu ni wa juzi."

Akanipa lenzi nijionee. Herufi zilikuwa nene, wino umevimba pembezoni, mistari ya sekunde haikulingana na ukingo wa vijisaa. Zile T mbili hazikuwapo. Mtu alikuwa amekwangua uso wote wa zamani na kuupaka upya, labda kwa nia njema kabisa ya kumpendezesha mnunuzi. Mashine ilikuwa ya kweli na nzuri. Lakini maandishi yote ya miaka hamsini yalikuwa yamefutwa, na juu yake pameandikwa kitu kingine. Nilipoteza pesa, ila kilichoniuma ni kuwaza uso ule wa kwanza ulikuwaje.

Ndiyo maana mkusanyaji akisikia "imesafishwa, inang'aa kama mpya" anarudi nyuma. Kasha lililosuguliwa sana limepoteza kingo zake kali, na chuma kilichoondoka hakirudi. Ndiyo maana watu wazima wanakaa kubishana juu ya nukta moja: kwenye pete ya Speedmaster za kabla ya mwaka 1970 hivi, nukta ya namba 90 iko juu ya namba, na kwenye za baadaye iko pembeni. Pete yenye nukta juu pekee inauzwa kwa pesa nyingi, kwa sababu bila hiyo saa ya zamani ni kama barua iliyobadilishwa ukurasa mmoja.

Na pale pesa zinapokuwa nyingi, barua za kughushi hazikosi. Novemba 2021, Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, yenye uso wa kahawia, iliuzwa Geneva kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3. Mnunuzi alikuwa makumbusho ya Omega wenyewe. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na Omega wakasema waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Kiwanda kilichoizaa saa hiyo kilidanganyika, au kilidanganywa kutoka ndani. Tangu hapo nimezidi kuamini kwamba jicho lililozoea na maswali ya subira ni kinga bora kuliko cheti chochote.

Jina na mashine

Ile Daytona ya dola milioni 17 ilikuwa ya mwigizaji Paul Newman, aliyekuwa pia mshindani wa mbio za magari. Mkewe Joanne Woodward alimnunulia, na nyuma ya kasha akachongesha maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Uso wake, wa rangi mbili zinazopingana na vijisaa vyenye namba za mtindo wa peke yake, haukupendwa ulipotoka. Ulikaa madukani wakati zenye uso wa kawaida zinaondoka. Kwa kuwa zilizouzwa ni chache, sasa ndizo zinazotafutwa. Newman mwenyewe alimpa saa hiyo kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake, katika miaka ya 1980, na kijana akaivaa miaka mingi bila kujua amevaa nini.

Wasomaji wa Muscat na wenye jamaa huko wanajua namna nyingine ya jina kupandisha bei. Sultani Qaboos aliagiza saa za zawadi kutoka Ulaya, baadhi yake Daytona, zikiwa na alama ya jambia la Oman. Leo jambia hilo dogo usoni linaizidishia saa thamani mara nyingi.

Mimi ningemshauri anayeanza aangalie ndani badala ya jina. Mashine iliyokuwa ndani ya Daytona za wakati huo ilitokana na Valjoux 72, ambayo kiwanda chake kiliiuzia makampuni mengi. Heuer waliitumia, Breitling pia, pamoja na majina madogo yaliyokwisha kufa na ambayo hakuna anayeyalilia mnadani. Gurudumu la vinguzo ni lile lile, na "tk" ni ile ile. Njia nyingine ni za Wachina wa Tianjin, walionunua mitambo ya kronografu ya Venus kutoka Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na bado wanaitengeneza mashine iliyotokana nayo, au Seiko 6139 ya mwaka 1969, ambayo mwanaanga William Pogue aliichukua hadi kwenye kituo cha anga cha Skylab.

Dari la Le Locle

Mwaka huo wa 1969 ulikuwa wa neema na wa msiba. Neema ni kwamba kronografu inayojitia ufunguo yenyewe, iliyoshindikana kwa miongo, ilitoka mara tatu katika mwaka mmoja: Zenith walitangaza mashine yao iitwayo El Primero tarehe 10 Januari, Heuer na Breitling na wenzao wakafuata tarehe 3 Machi, na Seiko wakaingiza ya kwao sokoni Japani mwezi Mei. Msiba ulikuja Desemba, Seiko walipotoa saa ya mkononi ya quartz, ile ya betri inayoongozwa na kipande cha jiwe la quartz. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, ajira za viwanda vya saa Uswisi, zilizokuwa karibu 90,000, zilikuwa zimeshuka chini ya nusu.

Mwaka 1975 Zenith ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani, na amri ikaja: acheni saa za kamani, uzeni mitambo kama vyuma chakavu. Fundi Charles Vermot aliandika kuomba wabadili uamuzi, hakujibiwa. Basi akawa anapandisha vifaa darini pa kiwanda cha Le Locle, Uswisi, kidogo kidogo, mihuri ya kukatia vipande, nyenzo na michoro, akiviwekea alama na kuandika daftarini kila kimoja kinafanya nini. El Primero ina vipande 278, na kila kipande kina vifaa vyake. Hakulipwa kwa kazi hiyo wala hakujua kama kuna atakayevihitaji. Katika miaka ya 1980 wakavihitaji. Kiwanda kikaanza tena kwa vifaa vya darini, na kuanzia mwaka 1988 Rolex wenyewe wakawa wananunua El Primero kuiweka ndani ya Daytona.

Najua wanaozinunua kronografu kama watu wanavyonunua viwanja, wakingoja bei ipande. Sina ugomvi nao, ila ningependa wamjue Vermot.

Ukiwa nayo huku kwetu

Hewa ya pwani haizipendi saa hizi. Vitufe vya zamani mara nyingi havizuii maji vizuri, na kubonyeza kwa mkono wenye jasho ni kuingiza chumvi ndani. Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, ifute kila jioni kwa kitambaa kikavu na usiivae kuoga wala kuogelea. Kila miaka mitano au sita ifunguliwe, isafishwe, ipakwe mafuta mapya, hata kama inakwenda vizuri, maana mafuta yaliyokauka yanasaga chuma kimya kimya. Tafuta fundi aliyewahi kufungua kronografu, si saa tu. Mwambie mapema asiguse uso na asisugue kasha.

Yule mzee aliyenigundulia uso wa juzi ndiye ninayempelekea. Niliendelea kuitunza saa ile, kwa sababu mashine yake haina kosa. Alipoifungua mara ya kwanza aligeuza kifuniko cha nyuma, akakielekeza kwenye taa na kuniita nione. Kwa ndani kulikuwa na mikwaruzo midogo sana, ya ncha ya sindano. Mafundi wana desturi ya kuacha alama zao pale: herufi mbili, mwezi na mwaka. Tulihesabu nne, zilizoandikwa kwa mikono minne tofauti, ya kwanza ya mwaka 1971. Aliyepaka uso upya hakuwa amefika huko. Mzee alimaliza kazi yake siku ya tatu, na kabla ya kukifunga kifuniko akachukua sindano, akainama, akaandika ya tano.